Ng'ombe Mwenye Wenyewe Wawili

Njeri, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu ya jina ulilobeba, la Cucu yako aliyenizaa, na hata ukizeekea huko Mombasa nitaendelea kukuita hivyo. Saa hii uko Jamhuri, kwa Bi Zuhura, umeenda kumuaga. Ulisema hutakawia. Jua limeshainama upande wa Ngong na sijasikia mguu wako mlangoni. Nimefunga saiba, hili duka langu la mtandao, mapema, nimekaa kwenye kiti cha wateja, naandika kwa mkono. Mashine ziko hapa zote na ningeweza kuchapa, lakini nimewachapia watu barua nyingi mno za "nakupenda" na "nisamehe", hata herufi za kompyuta siziamini tena.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji wala kufunga mlango wala kutoazima watu nguo. Hayo tulishayasema, nawe ukaitikia huku ukitazama simu. Nataka kukwambia jambo ambalo nimelizungukia kwa muda mrefu. Nina wivu, Njeri. Ninao tangu ulipoanza kwenda mjini kila Jumamosi kwa yule mkutubi wako. Jana uliponiuliza kama Bi Zuhura anaweza kuja nasi kesho kukusindikiza hadi stesheni, nikakujibu kwamba gari limejaa, aliyejibu ni wivu. Gari la jirani yetu Kamau halijajaa. Tuko yeye, mimi, wewe na mabegi mawili. Ulinitazama, ukasema, "Sawa, Mum," ukaendelea kukunja nguo. Hiyo sawa yako imenikaa kooni tangu jana.

Zamani ulikuwa ukiniuliza mimi. Ulikulia chini ya meza hii, hapa Dagoretti Corner, kati ya nyaya na maboksi ya karatasi, na kila kilichokupita kichwani ulikitoa kwa mdomo. Mwezi unatufuata kwa nini. Nani aliwafundisha mchwa kujenga. Nami nilikuwa na mtandao, basi sikukosa jibu. Nilikuwa nafungua ukurasa wa kwanza unaojitokeza, nakusomea, nawe unafungua macho kana kwamba mimi ndiye niliyeyavumbua hayo. Nilizoea yale macho. Mtu akizoea kutazamwa hivyo hawezi kuachia kwa hiari.

Na wateja pia walinizoesha vibaya. Wanafunzi wa vyuo walikuja na mada zao za utafiti, "Mathe, nitafutie kitu hapa," mimi nikabonyeza, nikachapa, nikatoboa, nikafunga kwa waya na kuweka plastiki juu. Mtu akaondoka na kitabu kinachong'aa. Aliyeandika yaliyomo ni nani? Sikujali. Kwangu ukurasa ulikuwa ukurasa, kama unga ni unga. Na neno "sijui" halikuwahi kutoka mdomoni mwangu, kwa sababu ukimwambia mteja hujui, anavuka barabara kwenda saiba ya ng'ambo.

Kwa hiyo ulipokuwa kidato cha pili na shule ikakutaka ueleze kwenye mashindano kuhusu fuko wanaoharibu mashamba ya Mutuini, nilikuchapia kurasa nzuri, zenye picha. Ukasimama nazo mbele ya waamuzi. Mmoja akakuuliza nani ameandika yale, na aliyaona wapi. Ukasema, "Nilipewa na mamangu." Ukumbi ukacheka. Ulirudi nyumbani hujalia, ukaziweka zile karatasi kwenye meza, ukaniuliza taratibu:

"Mum, hii kitu nani aliandika?"

"Imeandikwa na internet," nikasema.

Ulinitazama. Yale macho niliyoyazoea hayakuwamo.

Muhula uliofuata mwalimu wenu akawapeleka maktaba ya mjini, na huko ukampata yeye. Mama wa Kipwani, mwenye buibui iliyopigwa pasi vizuri, na Kiswahili kinachotiririka chenyewe, mimi changu cha Dagoretti kikiwa kimepondeka kama gunia la viazi. Ukawa huna habari nyingine. Bi Zuhura anasema ukiingia kwenye tovuti, shuka kwanza hadi chini uone mwenyewe ni nani. Bi Zuhura anasema usimuulize mtu kama ni mwaminifu, toka nje uwaulize majirani zake, na tovuti ni vivyo hivyo. Bi Zuhura anasema ukurasa usio na tarehe ni kama maziwa ambayo hujui yamekamuliwa lini. Mimi nakata sukuma wiki jikoni, nasikia Bi Zuhura anasema. Siku moja ukaingia mlangoni ukaniamkia shikamoo. Nikakujibu, "Shikamoo ya nini, kwani hapa ni Lamu?" Ukacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Kisha ukaanza kunipima mimi. Nikisema usinywe maji baridi ukiwa na homa, unatoa simu. Nikisema mvua itachelewa mwaka huu, unatoa simu. Hukuwa na ubaya wowote, najua sasa, ulikuwa mtoto aliyepewa panga jipya na anataka kukata kila kichaka. Lakini mimi nilikuwa kichaka, Njeri, na kilikatwa.

Hapo ndipo Karembo, ng'ombe wa Cucu, alipougua.

Unakumbuka kiwele kilivyovimba, kikawa cha moto, na maziwa yakatoka na mabonge. Cucu alinipigia akaniambia nitafute dawa kwa mashine yangu. Wewe ulikuwa karibu, ukasema, "Cucu aite tu daktari wa mifugo. Bi Zuhura anasema mambo ya dawa mtu habahatishi." Ungeishia kwenye daktari ningekuitikia. Uliongeza yule mama, na hapo shauri likaharibika. Nilitaka kuwa na jibu langu mwenyewe, la haraka, bora kuliko lake.

Sasa sikia nilivyofanya, kwa sababu hili hata Bi Zuhura hajakwambia, maana halijui. Sikuuliza mtandao ng'ombe anaumwa nini. Niliandika: namna ya kutibu kiwele bila daktari. Nao mtandao ni mtumwa mtiifu. Ukiuomba njia ya bila daktari, unakuletea watu wa bila daktari, wamepanga foleni, wanatabasamu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nembo ya ngao, darubini na masuke mawili ya mahindi, ukajiita taasisi, ukasifu unga fulani wa mitishamba unaochanganywa na chakula. Nikatafuta tena, nikapata kurasa nyingine nne zinazosema hivyohivyo. Nikasema, kumbe. Watu watano hawawezi kukosea pamoja. Nikazichapa zote, nikazitia plastiki, nikampelekea Cucu mkononi kama mtu anayepeleka posa.

Kesho yake ulikuja hapa kutoka shule, ukakaa kwenye mashine ya dirishani, ukaniita. Ulikuwa umefungua kurasa mbili pamoja. Kwenye moja kulikuwa na ng'ombe mwenye baka jeupe pajini na sikio la kushoto limechanika, na maneno kwamba ni wa mkulima wa Nyeri, amepona. Kwenye nyingine alikuwa huyohuyo, baka lilelile, sikio lilelile, ila sasa ni wa mjane wa Kitale.

"Mum, huyu ng'ombe ako na wenyewe wangapi?"

Nikajifanya napanga karatasi.

"Alafu cheki huku chini. Hizi zote tano, ukitaka kununua, ni namba moja ya simu. So si watu watano. Ni msee mmoja amevaa kofia tano."

Nami nikakujibu, "Huyo Bi Zuhura wako amewahi kukamua ng'ombe?"

Ulizima mashine polepole, ukachukua begi lako, ukaenda kupanga mstari wa matatu bila kuniaga.

Njeri, niliona. Ulidhani sikuona, na kwa muda mrefu nimekuacha udhani hivyo kwa sababu ujinga una heshima zaidi kidogo kuliko nilichokuwa nacho. Niliona baka, niliona sikio, niliona namba. Na hata kabla hujanionyesha, nilikuwa nimeshaijua ile nembo. Mimi ndiye ninayewatengenezea vikundi barua zao zenye vichwa. Watu wanakuja hapa hawana ofisi, hawana hata kiti, wanasema, "Mathe, tuwekee kitu ionekane serious," na kabla chai yao haijapoa wana ngao, wana njiwa wawili, wana mikono inayosalimiana. Ile ngao na ile darubini ninazo humu kwenye mashine, kwenye folda moja na picha za keki na puto za bathidei. Nguo niliyoishona mwenyewe nikaipigia magoti mtu mwingine alipoivaa. Nilifanya hivyo nikijua, kwa sababu kukubali kungekuwa kumkubali yeye mbele yako.

Unga ukaja kwa boda boda. Cucu akamlisha Karembo, akangoja, kwa kuwa aliniamini mimi, na mimi niliziamini kofia. Mwishowe ni wewe uliyempigia daktari. Alipofika aligusa kiwele, akatikisa kichwa, akasema chuchu mbili zimekufa, "mngeniita mapema." Ng'ombe wa chuchu mbili kwenye shamba dogo kama letu hana kazi. Walimpakia kwenye pikapu ya wachinjaji asubuhi, na Cucu hakutoka nje kutazama. Baadaye alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, kando ya zizi, akaniuliza kwa Kikuyu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ulikuwa unashindana na nani?"

Nikasema sikuwa nashindana na mtu. Wewe ulikuwa umesimama pale na ndoo ya kukamulia. Hukusema, "Nilikwambia." Ulienda ukaimwaga maji ile ndoo na kuisugua, ingawa haikuwa na kazi tena. Afadhali ungenitukana.

Kuna siku nilikudanganya kwamba nimeenda mjini kutafuta wino wa printa. Nilienda maktaba. Nilipanda zile ngazi nikiwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu nyumbani: kwamba mtoto ana mama mmoja, na kwamba kama anataka wa kufundisha ajizalie. Nilimkuta na kijana mmoja aliyeuliza kitu kuhusu mashamba ya zamani ya Kabete. Bi Zuhura akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Hilo silijui mwanangu. Ngoja nikamuulize mwenzangu." Akainuka, akaenda, na yule kijana akakaa akimngoja. Hakuvuka barabara. Nilisimama pale kama nimeona mtu akivua viatu barabarani. Kumbe mtu anaweza kusema sijui na asiachwe.

Aliporudi aliniona. Sikuwa nimejitambulisha.

"Wewe ni mamake Njeri," akasema. "Wallahi, macho ni hayohayo. Karibu mamangu, kaa kitako."

Nikakaa. Yale maneno yangu yaliyopangwa yakatafuta mlango yakakosa.

"Mwanao anakusema kila Jumamosi," akasema. "Nilipomfundisha maswali ya kuuliza tovuti, nani kaandika, ataka nini, na nani mwengine ajua, alicheka akanambia, haya ni maswali ya mamangu. Eti watu wakija kutaka uwageuzie alama kwenye cheti, wewe huwauliza hayohayo mlangoni, na mtu akianza kujikuna shingo wamtoa."

Hiyo ni kweli. Wanakuja wengi, D wanaitaka iwe B, na sijawahi kumfanyia hata mmoja. Wanaotaka kughushi nawajua kwa namna wanavyosimama. Sikujua kama ulikuwa unatazama kutoka chini ya meza.

Mtu mwenye moyo mzuri angefurahi kusikia hayo. Mimi nilirudi nyumbani nimevimba zaidi. Kama uliyaona kwangu, mbona ulimwambia yeye? Mbona sifa zangu nizisikie kwa mdomo wa mtu mwingine, mjini, kama habari za marehemu? Nililala na hasira hiyo siku nyingi. Kisha ulipochagua kwenda kusomea ukutubi, na chuo kikawa Mombasa, na dada yake Bi Zuhura ndiye atakayekupokea stesheni huko, nikasema moyoni, basi ameshinda, amchukue.

Lakini tangu siku ile ya maktaba nimekuwa nikifanya jambo ambalo hujui. Alikuja mzee mmoja na swali kuhusu dawa ya presha aliyoambiwa na mtu aache. Zamani ningemchapia ukurasa. Nilimwambia, "Mzee, hilo silijui. Kaa tutafute pamoja, na tukimaliza umuulize daktari wako." Nilingoja ainuke aende ng'ambo. Akavuta kiti. Tulitafuta, tukashuka hadi chini ya kila ukurasa, na tatu za mwanzo zilikuwa za watu wanaouza kitu. Alipoondoka aliniambia, "Ahsante, umenisaidia," na hata karatasi moja hakubeba. Nilitaka kukusimulia jioni ile. Nikaona utasema Bi Zuhura angefurahi, nikanyamaza.

Hilo ndilo ninalotaka ujue unapoenda kuishi kati ya vitabu na tovuti za watu. Utafundishwa kutazama ukurasa, nani aliuandika, lini, anauza nini, na utayajua hayo kuliko mimi. Lakini siku ile ya Karembo kasoro haikuwa kwenye ukurasa. Ukurasa ulikuwa umejianika wazi, namba ya simu chini, ng'ombe na sikio lake. Kasoro ilikuwa kwenye kiti cha anayesoma. Siku utakapopata jibu na moyo ukaruka kwa furaha kwa kuwa linamnyamazisha fulani, hapo Njeri, ondoa mkono kwenye mashine. Nenda ukanywe chai. Urudi baadaye uulize swali upya, kama mtu asiye na ugomvi. Mimi sikuweza, na Cucu sasa ananunua maziwa ya pakiti.

Na barua hii ipime vivyo hivyo. Ameandika mama mwenye wivu, ambaye ana anachotaka. Nataka unipigie. Sitaki unipigie kuniuliza mambo ya shule, hayo una watu. Nipigie kuniuliza hata upuuzi, kwa nini mwezi unatufuata. Nikijua nitakwambia, nisipojua nitasema sijui, na tutakaa kwenye simu tukitafuta.

Nimeinuka hapo katikati nikampigia simu Bi Zuhura. Namba yake ninayo, niliitoa kwenye simu yako zamani, na usiniulize kwa nini. Alipopokea nilisikia sauti yako nyuma yake, ukicheka kile kicheko chako cha tumbo ambacho nilidhani hukitoa nyumbani tu. Nusura nikate. Nikamwambia kwamba kesho nafasi ipo garini, kwamba Kamau atampitia hapo Jamhuri asubuhi, na ajitahidi kuwa tayari, sisi hatungoji mtu. Akasema, "Nashukuru, mamangu." Sauti yake ilikuwa imepasuka. Inaonekana naye hataki uende.

Basi kesho atakuja. Lakini yeye atakaa mbele na Kamau. Kiti cha nyuma ni changu na wewe, na mabegi tutayapakata.

Mamako